Mafuta Yasiyopita Motoni

Kwa miaka arobaini na moja Ardith Stroud alikuwa mkasi wa kwanza katika milima yetu, na miaka hiyo yote hakuionja bangi hata chembe. Usicheke. Wapo wauza pombe wasioijua ladha yake, na wapo wapishi wa harusi wanaorudi kwao na njaa. Kila Oktoba, maua yakishakauka ghalani, Ardith alikaa mwisho wa ile meza ndefu na mkasi wake mdogo, akiyapunguza majani ua kwa ua, na wenzake saba wakimfukuza bila kumfikia. Utomvu uliganda vidoleni mpaka mkasi ukagoma kufunguka. Jioni alinawa kwa mafuta, akavua aproni, na aproni hiyo ililala huko huko ghalani.

"Imenijengea nyumba, nashukuru," alizoea kusema. "Lakini jikoni kwangu haiingii."

Baba yake alikuwa mlevi wa kule Nebraska, mtu aliyefikia kuuza hata sahani za mkewe, na Ardith akiwa na miaka tisa alijiapia kwamba kitu cha kugeuza akili hakitapita kooni mwake. Mumewe, Lowell, alikiheshimu kiapo hicho. Yeye ndiye aliyelima. Akivuta, alivuta ghalani, Jumapili tu, kisha alipiga mswaki bombani kabla ya kuingia ndani, mtu mzima na ndevu zake.

Jambo jingine ulijue mapema: watu wa huku kwetu hawaulizani. Ni ugonjwa tulioupata miaka ya helikopta. Bangi ilikuwa bado haramu, na kila Agosti zilipokuwa zikizunguka juu ya miti na askari wakishuka kwa kamba, kutojua ndiko kulikokuwa kinga. Hujui jirani analima bonde gani, hujui anafanyia nini mavuno yake, basi hata ukisimamishwa mahakamani husemi uongo. Sheria ikaja kubadilika, helikopta zikaondoka, maduka ya bangi yenye vioo yakafunguliwa mjini, lakini tabia ikabaki. Mtu wa hapa atakuazima trekta, atakutunzia mbwa, ataingia kwenye tope kukusukumia gari. Swali hakuulizi, na la kwake hakuletei.

Lowell alipopatikana na saratani ya tezi dume alikuwa na miaka sabini na nne, na walipoiona ilikuwa imeshaingia mifupani. Ilipofika Machi akarudishwa nyumbani afie kitandani kwake, maana ndivyo alivyotaka. Nesi Ligaya, mama wa Kifilipino mwenye sauti ya chini, alikuja kila Jumatatu na Alhamisi. Aliwaachia chupa ya mofini na kitonesho chake, akamfundisha Ardith idadi ya matone.

Mofini ilifanya kazi yake. Iliyaondoa maumivu, ila ilimchukua na Lowell. Alilala mdomo wazi mchana kutwa. Akiamka, alimwita Ardith kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akamuuliza kama farasi wamelishwa. Farasi hawakuwahi kuwa nao. Hawakujaliwa mtoto, wawili hao. Tangu waoane walikuwa na midomo yao miwili tu ya kugombana na kuchekeshana, na sasa mmoja ulikuwa umenyamaza.

Alhamisi moja Ardith alishindwa kujizuia. Alimshika nesi mkono kwenye ujia, nje ya mlango wa chumba.

"Siwezi, Ligaya. Mume wangu ameshaondoka na bado anapumua. Siombi mwaka, mimi si mjinga. Naomba siku kumi za kuongea naye. Kumi tu! Ni nyingi hizo?"

"Si nyingi, mama," Ligaya alisema. "Lakini bila dawa mifupa itamtafuna. Utaweza kumtazama?"

"Kama kungekuwa na kitu kingine..."

"Wengine wanatumia hii yenu ya huku. Kuna inaowasaidia, kuna isiowasaidia. Mwanzishie kidogo sana, na uniambie unachompa."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Kesho yake asubuhi Ardith alikwenda ghalani. Kwenye rafu kulikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, maua ya mavuno ya mwisho ya Lowell, aliyoyapunguza yeye mwenyewe Oktoba iliyopita huku vidole vikimuuma. Vidole vile vilishapinda kwa baridi yabisi. Miaka yote ile ya mkasi haikumwacha salama. Akaukumbatia mtungi, akavuka ua, akasimama mbele ya mlango wa jikoni. Alisimama pale kitambo. Kisha akaingia.

Matone ya asubuhi yalikuwa bado, na Lowell alikuwa macho nusu. Harufu ikamfikia kitandani.

"Ardith! Nani ameiingiza hiyo ndani?"

"Mimi."

"Iko wapi?"

"Jikoni."

 Halafu ile sauti yake ya zamani, iliyokauka lakini yenyewe: "Basi nimeshakufa. Niambieni tu mazishi ni lini."

Ardith alicheka mpaka akaketi sakafuni, na kicheko kikageuka kilio kabla hajajua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu mumewe kumtania.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Ardith alikuwa na fani ya pili, na huko nako alikuwa na jina. Kila kiangazi alitengeneza mafuta ya maua, yale ya manjano ya bustanini, ya kupaka mikono iliyopasuka na watoto walioungua. Aliyauza soko la Jumamosi. Njia yake ilikuwa moja: maua makavu, mafuta ya zeituni, chupa ya kioo, jua la dirishani. Ukimuuliza kwa nini hachemshi ili amalize upesi, alikukemea. "Moto huua dawa," alisema. Kwa maua yale, alisema kweli.

Duka la bangi la mjini lilikuwa mwendo wa robo saa, na mwenye duka alikuwa Tansy, binti wa jirani yao Orrin. Tansy amekulia mapajani mwa Ardith, anamwita shangazi, na mkasi alifundishwa kuushika na yeye. Simu moja tu ingetosha. Ardith aliinyanyua simu, akairudisha. Yeye, mkasi wa kwanza, apige simu kuuliza bangi inatumiwaje? Watu wangesema nini? Waswahili husema mficha uchi hazai. Huku kwetu tungeongeza: na mume wake hapati nafuu.

Basi akafanya anavyojua. Aliyasaga maua kwa mkono, akayamiminia mafuta ya zeituni, akaiweka chupa dirishani. Asubuhi juani, mchana kivulini, jioni akiitikisa kwa upole na kuizungumzia. Siku tisa. Alitamani ziwe kumi na nne, lakini hakuwa na kumi na nne za kuchezea. Kisha akachuja kwa kitambaa. Mafuta yalitoka ya kijani kizito, yenye harufu ya ghala la Oktoba, naye akajiona ameweza.

Ilikuwa Jumapili. Lowell alikataa matone asubuhi hiyo. "Tuipime yako vizuri," alisema, akikunja uso. "Isije mofini ikapewa sifa zisizo zake." Ardith alimwinua kichwa, kijiko mkononi.

"Umeifanyaje?" Lowell aliuliza.

"Kama mafuta yangu. Jua na kivuli. Moto haujaiona kabisa, usiwe na wasiwasi."

Lowell alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu hivi kwamba Ardith alidhani dawa za jana bado zimemshika. Macho yake yakajaa maji.

"Miaka arobaini na moja," alisema. "Leo umenitengenezea jikoni kwako."

"Wacha maneno. Funua mdomo."

Akafunua. Akameza. Akakunja uso kwa uchungu wa ladha, akajifuta ndevu. Ardith akaketi kwenye kiti na saa mkononi. Ilipita saa nzima, ikapita nusu nyingine. Lowell alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili chini ya blanketi. Halafu akayafumbua.

"Ardith," alisema. Si jina la dada yake. Lake.

"Maumivu?"

"Yamerudi nyuma."

"Kweli, wewe mzee?"

"Kweli, bibie. Hii yako ni kiboko. Hayo matone ya Ligaya yaweke pembeni."

Jumatatu Ligaya alikuja, akapima mapigo, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki," alisema. "Leo uko wapi, Bwana Lowell?"

"Mbili."

"Bwana Lowell."

"Mbili na nusu, ukinibana sana. Mke wangu amenitengenezea dawa."

Nesi alimwangalia, kisha akamwangalia Ardith aliyesimama mlangoni uso ukiwaka furaha kama siku ya sikukuu. Akachukua chupa ya mofini kutoka kabatini, akaisogeza kwenye meza ya kitanda, karibu kabisa na mkono wa mgonjwa. "Iko hapa," alisema. "Saa yoyote. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa."

"Asante, mama. Nimesikia."

Hakuigusa.

Siku kumi na moja, jamani! Waligombana ni mwaka gani daraja lilisombwa na mafuriko, na hakuna aliyeshinda. Lowell alimwonyesha kwa vidole hewani namna ya kuiamsha pampu ya kisima ikikataa, akamfanya arudie mara tatu. Alimtajia mtu aliyewaibia jenereta mwaka ule wa theluji, siri aliyoitunza miaka ishirini kwa sababu alijua mkewe angekwenda na shoka. "Ningekwenda!" Ardith alifoka. "Na bado nitakwenda!" Lowell alimwomba msamaha kwa majira yale mawili ya baridi alipokwenda kujificha kusini na kumwacha peke yake na kuni mbichi. Alimwomba amsomee kitabu cha mbegu, ukurasa kwa ukurasa, naye akawa anacheka majina ya nyanya. Walikula, yaani Ardith alikula na Lowell akalamba kijiko cha mchuzi wa tufaha. Mara nne kwa siku alifunua mdomo kwa ajili ya mafuta, na kila mara alisema asante.

Siku ya kumi na mbili pumzi yake ilibadilika. Ligaya aliitwa, akampa matone, na safari hii Lowell hakukataa wala hakukubali. Alilala. Asubuhi iliyofuata, mbwa akiwa miguuni pake na Ardith ameshika mkono wake, alikata roho.

Kwenye mazishi, ukumbini, kila mtu na bakuli lake la chakula, Ardith alilia lakini kichwa chake kilikuwa juu. Aliwaambia wote. "Siku kumi na moja bila maumivu. Amekufa akinijua. Mafuta yangu ndiyo yaliyonipa siku hizo." Watu wakamkumbatia. Hakuna aliyemuuliza aliyatengenezaje.

Ikaja Mei. Mazishi yakiisha watu hurudi makwao, wewe unabaki na kiti kitupu. Ardith akawa halali. Mikono nayo ikazidi, asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Chupa ilikuwa bado dirishani, imebaki nusu. Akaitazama siku nyingi. Kiapo cha msichana wa miaka tisa kilikuwa kimekaa kooni kwa miaka sitini na mitatu, lakini mwisho alijiambia: kilichomliwaza yeye hakiwezi kuwa dhambi kwangu. Na kusema kweli, haukuwa usingizi peke yake alioutaka. Alitaka kusikia alichosikia Lowell, akae naye humo hata saa moja.

Alijiandaa kama mtu anayepanda ndege mara ya kwanza. Alizima jiko, akavua viatu, akafungia funguo za pikapu kwenye droo asije akaendesha gari akiwa hajitambui. Akamwambia mbwa, "Nikianza kuimba, usinifuate." Akanywa kijiko kimoja, akaketi wima, mikono magotini, akingoja akili igeuke.

Haikugeuka. Alisubiri saa mbili. Aliona kuta zake, kalenda yake, vyombo vyake. Vidole vikamuuma vile vile. Kesho yake vijiko viwili. Keshokutwa vinne, na alichopata ni tumbo la kuhara. Akalia kwa hasira. Aliona kwamba hata hapo, hata kwenye chupa hiyo, Lowell amekwenda mahali ambapo yeye amefungiwa mlango. Au huzuni imeniharibu mwili, aliwaza. Au mimi si wa kupona.

Siku ya nne alifanya ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Akaifunga chupa kwenye taulo, akaendesha gari mpaka mjini, akaingia dukani kwa Tansy.

"Shangazi Ardie!" Tansy alitoka nyuma ya kaunta, miwani juu ya nywele. "Umepotea njia au dunia inaisha?"

"Nimekuja kuuliza."

Tansy aliacha kucheka. Neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa hicho. Akamvutia kiti.

"Mwili wangu una kasoro," Ardith alisema. "Mwenzangu kijiko kimoja kilimtosha. Mimi nimefika vinne na sisikii kitu. Ndiyo kwanza naanza, sijui. Niambie nakosea wapi."

"Vinne! Hata mimi vinne vingenilaza mpaka kesho kutwa. Lete niione." Tansy alifungua chupa, akanusa, akaweka tone kwenye ulimi. Akafikiri. "Maua uliyapasha oveni moto kiasi gani?"

"Kuyapasha?"

"Kabla ya kuyatia kwenye mafuta."

"Moto huua dawa, Tansy. Nimekulea, hujui hilo?"

"Ah, shangazi!" Tansy alimpigapiga goti. "Hii siyo maua yako ya manjano. Bangi mbichi imelala. Anayevuta huiamsha kwa kiberiti, anayekula huiamsha kwa oveni, moto mdogo, nusu saa na dakika chache. Bila hivyo unakunywa mboga tu. Usione haya, wanaoanza wengi huteleza hapo hapo. Mzee Lowell mwenyewe ndiye aliyemfundisha baba, wakati ule mgongo wake..."

 Mkono ukapanda mdomoni, lakini neno lilishatoka, na neno halirudi.

"Malizia," Ardith alisema.

"Shangazi, mimi nimeongea ovyo."

"Mgongo wa baba yako ulipovunjika. Lowell alimfundisha nini?"

Tansy alitazama sakafu. "Kutumia oveni."

"Lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Alikuja na trei yake, maana ya kwako alisema hairuhusiwi."

Hiyo ni miaka thelathini. Ardith alihesabu na hakuhitaji vidole.

"Nilimwambia kwa mdomo wangu," alisema polepole. "Nilimwambia moto haujaiona. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alijua kabla sijamtilia kijiko."

"Pengine alipata nafuu kwa kuamini tu. Hutokea, shangazi, nakuapia, hutokea..."

"Usinidanganye na wewe. Nimedanganywa vya kutosha."

Yakamjia yote kwa pamoja, bila huruma. Foronya aliyoikuta imetafunwa pembeni, akamchapa mbwa kwa gazeti. Shati alilokuwa akimbadilisha mara tatu kwa siku, limelowa chepechepe, na Lowell akimwambia, "Ndiyo dawa yako inafanya kazi, inatoa sumu." Mikono ile chini ya blanketi. Siku kumi na moja mikono yake ilikuwa chini ya blanketi, naye akidhani ni baridi.

Akasimama. Wateja wawili karibu na mlango wakageuka.

"Mwongo!" alisema. Akapiga kaunta kwa ule mkono mbovu, wala hakuusikia. "Mwongo mkubwa wewe! Chupa ilikuwa pale pale! Ligaya aliiweka karibu, umbali wa kiganja! Na mimi nimekaa namsomea majina ya nyanya! Mbwa mjinga mimi, namsomea nyanya mtu anayechomwa moto!"

Tansy alimkumbatia kwa nyuma, akamshika asianguke. 

"Mlango ulikuwa wazi," Ardith alinong'ona. "Nilimwomba nesi kumi. Alinisikia, Tansy. Niliomba kumi, akanipa kumi na moja."

 Tansy aliwatoa wateja, akageuza kibao cha mlango, akaketi naye mpaka kilio kikapungua. Alidhani atamrudisha nyumbani akalale. Lakini Ardith alifuta uso kwa taulo la chupa.

"Mtungi wa maua umebaki nusu," alisema. "Twende ukanifundishe."

"Leo, shangazi? Acha ipite wiki. Nikupe hii iliyokwisha tengenezwa, matone mawili, ulale."

"Sitaki ya duka. Nataka ile yake, inavyotakiwa. Nataka kujua nilimnyima nini."

"Hutapenda kukijua."

"Hilo si swali lako."

Basi wakaenda. Jikoni kwa Ardith, mchana kweupe, Tansy alitandaza maua ya Lowell kwenye trei ya biskuti, akayafunika kwa karatasi ya alumini, akawasha oveni moto mdogo. Ardith alikaa kwenye stuli mbele ya kioo cha oveni, hakuondoka. Maua yaliingia ya kijani, yakatoka ya hudhurungi, na harufu ikajaa nyumba, si ile ya ghalani, nyingine, nzito na ya kitu kilichokaangwa. Ndipo mafuta, sufuria ndani ya sufuria ya maji, moto wa kuhesabika, saa mbili za kukoroga. Hakuna kigumu hata kimoja humo. Mtoto wa shule angeweza. Kila Tansy alipomaliza hatua, Ardith alisema, "Ndiyo hivyo tu?" na Tansy akajibu, "Ndiyo hivyo tu," mpaka jibu likawa linamuuma kulitoa.

Walichuja. Tansy akapima matone matatu kwenye kijiko, akafuta yaliyozidi.

"Wewe unaanza, kwa hiyo ni haya tu. Usiongeze. Inachukua muda, isikuhadae. Ukisikia moyo unakwenda mbio, ni woga, utapita. Mimi sitoki hapa."

"Yeye ingemsaidia?"

"Sijui, shangazi. Saratani ya mifupa si mchezo. Yote isingeyaondoa." Akasita. "Ingepunguza. Nadhani ingepunguza sana."

Ardith alimeza. Wakakaa mezani, wanawake wawili, chai ikipoa.  Nje Orrin alipita na trekta, akapunga mkono, hakusimama kuuliza gari la binti yake linafanya nini pale.

Ilipita saa. Ikapita na robo. Ardith alikuwa anaomba. Hakuomba uponyaji, alikuwa anaomba isifanye kazi. Aliomba, kwa nguvu zake zote, kwamba mwili wake ubaki na kasoro, vidole viume vile vile, ili aweze kusema haikuwa dawa hata ilipopikwa, haikuwa kitu, Lowell hakukosa kitu.

Kisha akasikia joto mabegani. Likashuka taratibu, likafika viwikoni, likaingia kwenye viganja. Akautazama mkono wake wa kulia juu ya meza. Akaukunja. Vidole vilikwenda vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka ngumi ikafunga, ngumi ambayo hajaifunga kwa miaka sita, na hapakuwa na maumivu. Akaukunjua. Akaukunja tena. Shingo iliyokakamaa tangu Machi ikalegea yenyewe, na pumzi ikashuka mpaka chini.

"Shangazi?" Tansy alisogea. "Umesikia nini? Unaogopa?"

Ardith alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanatiririka, wala hakuyafuta, na ile ngumi alikuwa ameiinua mbele ya uso wa Tansy ili aione.

"Haiumi," alisema. "Tansy, mama yangu, haiumi hata kidogo."